Magunzi Mawili na Jani la Isale

Gunzi likisimama wima, mtu ni mzima. Likilazwa, ameanguka. Likivishwa ganda la kahawa kichwani, haoni. Likizungushiwa ukambaa wa mgomba, amefungwa. Likipakwa majivu, amerogwa, na hapo hafanyi atakalo yeye, anafanya analoamriwa na aliyemroga.

Hayo yote niliyashika mimi. Shule niliishia darasa la pili, na kusoma kwa kunyoosha nimekuja kujifunza nikiwa na watoto tayari, kwenye madarasa ya watu wazima. Lakini kushika kitu kichwani sikufundishwa na mtu. Majina ya wote waliokaa kwenye meza ile ninayo mpaka leo. Majina ya mashujaa wao ninayo, na hata la ng'ombe wa mama mkwe, ng'ombe ambaye hakuwepo duniani. Siyaandiki hapa. Nitasema mume wangu, shemeji, wifi na mama, nanyi mtanielewa.

Ilikuwa huko kwetu Uru, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sukari ilikuwa haionekani. Sabuni tulipanga foleni kwenye duka la kijiji, na wakati mwingine foleni ilifika mwisho kabla ya sabuni kuja. Daftari la mtoto liliandikwa ndani likaisha, likaandikwa na kwenye jalada. Ndiyo sababu ya magunzi. Wifi alisema kule alikosoma kila mchezaji alikuwa na karatasi yake ya kuandika hali ya shujaa wake. Nikamwambia, wifi, hapa karatasi ni za shule. Wewe niambie nani yuko hali gani, mimi nitashika.

Huyu wifi ni mdogo wa mume wangu. Alikuwa amepelekwa Ulaya miaka miwili kusomea uuguzi, akarudi na koti zito ambalo hakuna siku moja ya Uru iliyolihitaji, kijitabu kilicholegea majani, na mfuko mdogo wa dadu. Dadu zenyewe si zile za nyuso sita tunazozijua. Moja ilikuwa na nyuso ishirini, rangi ya chai ya rangi, na watoto waliiita jicho la nzi. Alikuwa anasubiri barua ya kupangiwa kituo cha kazi, barua haiji, na masika yamefunga njia. Basi Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana alitandaza mkeka mdogo juu ya meza ya mama akatufundisha mchezo wa mabwenini kwao.

"Mimi ndiye kiongozi," alisema. "Nasimulia. Mko msituni, mbele kuna daraja, darajani kuna mtu mwenye mkuki. Ninyi mnaniambia mnafanya nini. Dadu inasema kama mmeweza."

"Mshindi anapatikanaje?" mume wangu akauliza.

"Hakuna mshindi."

"Sasa tunacheza ili iweje?"

"Ili mfike."

"Wapi?"

"Mbele."

Mume wangu alinitazama. Nikamwambia, baba watoto, mvua yenyewe inanyesha, unaenda wapi?

Mama alikataa kuwa shujaa. Alisema yeye hapigani na mtu, apewe ng'ombe. Wifi akamweleza kwamba katika kijitabu hamna mchezaji wa kuwa na ng'ombe peke yake. Mama akasema, "Basi sichezi. Na meza ni yangu." Ng'ombe akapatikana. Tulimkatia kipande kifupi cha gunzi, akasimama nyuma ya shujaa wa mume wangu, kwa sababu mama alisema ng'ombe wake hamwamini mtu mwingine.

Umbali tulipima kwa kidole changu cha shahada. Kidole kimoja ni hatua kumi. Aliyeanguka anaweza kutambaa, kujikinga, au kuinuka, na kuinuka kunamla nusu ya mwendo wake. Anayempiga aliyeanguka ana nafasi kubwa ya kumpata. Asiyeona hawezi kukwepa. Aliyeogopa hukimbia mbali na kinachomtisha. Wifi aliyasoma haya kwa Kiingereza, akayaleta kwa Kiswahili, na mama nikamwekea kwa Kichagga. Alikuwa anasoma huku ananisaidia kumenya ndizi za mtori, kila mara analamba kidole na kugeuza ukurasa.

Sasa niseme habari ya shemeji, maana bila yeye haya yangekuwa mambo ya watoto tu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Kihamba chake na chetu, mashamba ya nyumbani tuliyorithi, vinatenganishwa na mfereji wa maji, ule tunaouita mfongo, na maji ya mfongo yana zamu: leo nyumba hii, kesho ile. Miaka miwili kabla ya mchezo kulikuwa na ukame. Siku ya zamu ya shemeji, mume wangu aliamka alfajiri akayafungulia maji kwenye migomba yetu mpaka saa sita. Yeye anasema alidhani zamu zimesogea kwa sababu ya msiba uliokuwa umetokea kule juu. Shemeji anasema hakudhani kitu. Vitalu vyake vya miche ya kahawa vilikauka vyote. Wakasemeshana hapo mferejini mbele ya watu, na shemeji akamaliza hivi: "Kuanzia leo usiniamkie."

Mume wangu akafanya kama alivyoambiwa. Miaka miwili hakumpa kaka yake shikamoo. Kwa watu wengine ni neno tu, lakini mdogo asiyemwamkia mkubwa wake, na wote wanaishi umbali wa kurusha jiwe, ni nyumba iliyovunjika. Watoto wetu na wa kwake walikoma kukatiza migombani, wakawa wanazunguka barabarani. Mimi na mke wake tulisalimiana sokoni Kiboriloni kama watu waliokutana safarini. Na mama alikuwa anaishi kwetu, kwa kuwa mume wangu ndiye mtoto wa kiume wa mwisho na nyumba ya mama ni yake. Kwa hiyo kila Jumapili shemeji alikuja kumwona mama, akakaa kwenye benchi la mlangoni, amekipa mgongo kiti cha mdogo wake.

Kitu nilichokuwa nakitaka mimi kilikuwa kimoja. Nilitaka kusikia shikamoo ile. Mambo mengine yote yangejipanga yenyewe.

Jumapili moja mvua ilimshika shemeji hapo mlangoni. Sisi tuko mezani. Mume wangu anasema shujaa wake anarusha mkuki huku ameinua ngao juu ya kichwa.

Shemeji hakugeuka. Alimwambia dada yake, "Mwambie huyo mkuki haurushwi hivyo. Ataanguka."

Dadu ikarushwa. Shujaa akaanguka. Nikamlaza, na mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, chukua gunzi," wifi akasema.

"Mimi ni mtu mzima."

"Na huyu mama je?"

Akavuta benchi. Gunzi lake alilichagua kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mbegu.

Tangu siku ile walicheza meza moja bila kusemezana. Maneno yote yalipita kwa wifi, ambaye alikuwa amekaa katikati yao.

"Mwambie huyo shujaa wangu yuko nyuma yake."

"Mwambie nimesikia. Aseme yuko nyuma kwa kunilinda au kwa kunichoma."

"Mwambie bado nafikiri."

"Mwambie afikiri upesi, ng'ombe wa mama anamtazama vibaya."

Mama akasema, "Neno moja mnalibebesha watu watatu. Huyu dada yenu atachakaa kabla hajaolewa."

Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Mwambie ilikuwa bora kuliko kimya. Lakini sikuwa mjinga. Nilijua kwamba siku wifi atakapopata barua yake, meza itakunjwa, na benchi litarudi mlangoni.

Jumapili ya tatu mashujaa walifika kwenye chemchemi. Wifi alikuwa amepanga fisi watokee. Hawakupata nafasi. Shemeji alisema, "Mwambie huyo maji haya ni zamu ya shujaa wangu." Mume wangu akasema, "Mwambie chemchemi haina zamu." Wifi akaweka fisi watatu juu ya mkeka, hakuna aliyewatazama. Walipigana wao kwa wao, magunzi mawili, dadu zinagongana na vikombe. Mwishowe shujaa wa mume wangu akaanguka. Nikamlaza. Pigo moja tena na amekwisha.

"Ni zamu yako," wifi akamwambia mume wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unaweza kutambaa, kujikinga, au kuinuka."

Mume wangu alisimama akatoka nje kwenye mvua. Nikajua ndiyo imetoka hiyo. Mara akarudi, mabega yameloa, mkononi ana jani la isale. Alikuwa amelichuma kwenye ua, kando ya zizi. Akaliweka juu ya mkeka mbele ya gunzi la kaka yake.

"Mwambie," alisema, "shujaa wangu anaomba yaishe."

Isale kwetu haichezewi. Mtu aliyekukosea akikujia na jani hilo, humrudishi. Ukishalipokea, lile jambo limekwisha, huna ruhusa ya kulitia mkono tena. Hata wale tunaoshika dini sana, mtu akija na isale, tunakaa kimya kwanza.

Wifi akapekua kijitabu. "Humu hamna hali kama hii," alisema. "Tuiite nini?"

"Iite isale," mama akajibu.

Shemeji alilisogeza lile jani kwa vidole viwili mpaka kwenye gunzi lake. "Mwambie shujaa wangu amelipokea," alisema. Akainuka, akaenda zake kwenye mvua bila kofia.

Shikamoo haikusemwa.

Nilipofuta meza, jani sikuliona. Nikadhani watoto wamelichukua, au kuku. Mume wangu nilimwuliza tukiwa tunakata majani ya ng'ombe kesho yake, na huyu ni ng'ombe wa kweli: "Baba watoto, jana ulimaanisha?"

"Ulikuwa mchezo tu," akasema. Lakini aliendelea kukata mahali ambapo majani yalikuwa yameshakwisha.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, nami nilijilaumu pamoja nao. Tulikuwa tumeliingiza jani la kweli kwenye vita ya magunzi, na sasa hakuna aliyejua limefanya kazi upande gani. Mume wangu hakuthubutu kuamkia, asije akaambiwa lilikuwa la shujaa. Shemeji hakuthubutu kusemesha, asije akaonekana mzee mzima aliyedanganyika na mchezo. Jumapili iliyofuata walikaa tena, mwambie, mwambie, kwa upole zaidi, lakini mwambie ileile.

Kisha ikaja Jumapili ya lango.

Wifi alitusimulia kwamba tumefika, hili ndilo lango la mwisho, na langoni amekaa mchawi anayefukiza moshi. Mambo yakaharibika haraka. Ng'ombe wa mama aliogopa moshi, na aliyeogopa hukimbia. Nikamtoa nyuma ya shujaa wa mume wangu nikamsogeza pembeni, akaishia nyuma ya kikombe cha mama. Shujaa wa mume wangu moshi ulimpata machoni, nikamvisha ganda la kahawa. Akajikwaa, nikamlaza. Halafu mchawi akamgeukia shujaa wa shemeji. Shemeji akarusha dadu kujikinga, dadu ikamkatalia. Nikachovya kidole kwenye kigae cha majivu nikampaka.

Wifi alisoma, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole. "Aliyerogwa akiambiwa ashambulie, humshambulia aliye karibu naye kuliko wote." Akatazama mkeka. Akanyoosha kidole kwenye gunzi lililolala. "Ni huyo. Na kwa kuwa ameanguka na haoni, pigo likimpata linahesabiwa mara mbili."

Mara mbili maana yake amekufa. Kila mtu mezani alilijua hilo.

"Kaka, rusha."

Shemeji alikuwa ameifumbata dadu. "Sirushi."

"Sheria inasema lazima. Huna hiari, umerogwa."

"Sheria ya nani?"

"Ya kijitabu."

"Kijitabu hicho kilikuwa wapi siku ile?"

Mume wangu alikuwa anaangalia mikono yake. "Mwambie arushe," alisema. "Ni mchezo tu."

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema jambo jingine kabisa. Lakini shemeji aligeuka. Aligeuka na benchi lake, likakwaruza sakafu, akamtazama mdogo wake usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akamsemesha yeye mwenyewe.

"Kama ni mchezo tu, basi na lile jani lilikuwa la mchezo?"

Nikaufunga mdomo wangu.

Mvua iligonga bati. Mume wangu aliendelea kuangalia mikono yake, na nilielewa kwa nini. Akisema ndiyo, wanarudi mferejini palepale walipoachana. Akisema hapana, anaungama mbele ya mama kwamba siku ile aliomba msamaha kweli, na bado hajui kama alisamehewa. Na shemeji naye: akirusha, isale si kitu, amempiga aliyempa jani, tena akiwa chini. Akikataa kurusha, amevunja mchezo wa dada yake, ataondoka kwa aibu, na meza nyingine hatutaipata.

Nikasema, "Wifi, soma tena pale pa aliyerogwa."

"Nimeshasoma, wifi."

"Umesoma ya leo. Siku ya kwanza ulisoma na mengine. Ulisema aliyerogwa akiamriwa jambo ambalo nafsi yake inalikataa kabisa, uchawi unashindwa. Mkono haufanyi."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulikuwa unamenya ndizi. Tulikuwa na mkungu mmoja mdogo, ulikata kidole cha gumba kidogo tu, ukakinyonya, halafu ukageuza ukurasa ukasema hivyo."

Wifi aligeuza huku na huku. Hapakuwa na maneno hayo. Alinitazama kwa huruma, na mimi nikaona uso unanichemka, maana mtu ambaye hakusoma akikosea mbele ya kitabu huwa hana pa kukimbilia. Lakini nilikuwa na hakika. Nikakichukua kijitabu, nikapitisha kidole pembeni mwa majani yake, na pale pa aliyerogwa nikahisi unene usio wa karatasi moja. Utomvu wa ndizi. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa utomvu wa vidole vyake mwenyewe, zikakauka kama zimepigwa gundi. Nikaleta kisu cha jikoni. Wifi akazibandua kidogo kidogo, ametoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Yalikuwepo. Mistari miwili, chini kabisa.

"Yapo," alisema. Akasoma moyoni, akasoma tena. Kisha, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa haki na hakupenda mchezo uharibike, akainua kidole. "Lakini hii ni kwa jambo zito. Si kila asichokipenda mtu. Kumpiga aliyeanguka, mashujaa wanafanya kila siku. Hata nyinyi mmefanya. Wifi, wewe ndiye unayeshika hali. Huyu shujaa wa kaka ana hali gani?"

"Amerogwa," nikasema. "Na amepokea isale."

"Mpaka leo?"

"Isale haina siku ya kuisha."

"Alama yake iko wapi? Sheria yako mwenyewe hiyo, kila hali na alama yake. Majivu nayaona. Jani liko wapi?"

Hapo nilikwama. Alama sikuwa nayo. Mimi ninayeshika kila kitu, hicho kimoja kilikuwa kimenipotea tangu siku ile nafuta meza, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba jani sikulitunza.

Shemeji akaiweka dadu mezani. Akatia mkono ndani ya koti lake la Jumapili, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akakifungua katikati. Jani lilikuwemo. Lilikuwa limekauka, limekuwa jembamba na rangi ya majani ya chai, na ukurasa uliokuwa umelikumbatia umeachwa na doa refu. Akalitoa kwa uangalifu akaliweka chini ya gunzi lake, lile lenye majivu.

"Alama hii hapa," alisema.

Wifi alikifunga kijitabu chake pole pole bila kuangalia anafunga nini.

Mama ndiye aliyechoka kusubiri. "Basi huyo aliyeanguka ainuke," alisema. "Mvua inapungua, na ng'ombe hajakamuliwa." Hatukumwuliza ng'ombe yupi.

Mume wangu alinyoosha mkono. Nilidhani ananiachia mimi, kwa sababu kuinua na kulaza ilikuwa kazi yangu, lakini alifanya mwenyewe. Alilitoa ganda la kahawa kwenye lile gunzi, akalisimamisha, likayumba, akalisimamisha tena.

"Kuinuka kunamla nusu ya mwendo," wifi akasema.

"Nusu iliyobaki inatosha," mume wangu akajibu. Akasimama na yeye. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, na pale mezani aliinama ili asiwe juu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," shemeji akasema. "Kaa chini, unanizibia mwanga."

Nikaenda jikoni. Nilisema naenda kutazama mtori, na kweli mtori ulikuwa umeshika chini ya chungu, umeungua. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya chungu kinachoungua nikapumua. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima mrefu, shingo inabaki imekaza bado, haijapata habari kwamba mzigo umeshuka. Niliusikia mlango wa mbele ukifunguliwa, wakasimama barazani wote wawili wakibishana kuhusu upana wa mfereji. Walikuwa wanabishana bila mwambie.

Tulikula mtori ulioungua. Shemeji aliongeza.

Asubuhi yake, kabla sijawasha moto, nilisikia mtu anaita kutoka ng'ambo ya migomba. "Wewe. Leo si zamu yako? Mbona maji yanapita bure?" Mume wangu alitoka mbio na jembe, shati halijafungwa, anacheka peke yake. Watoto wa kwake na wa kwetu wakaanza kukatiza migombani siku ileile, na njia ambayo ilikuwa imeota majani ikawa nyeupe tena kabla ya masika kwisha.

Barua ya wifi ilifika. Akapangiwa kazi mjini, akapata chumba hukohuko, mtaa wa Soweto, akaenda na kijitabu chake na jicho la nzi. Magunzi yalibaki kwangu kwenye kopo, na jani alirudi nalo shemeji kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Wale wawili hawakuacha kubishana kuhusu siku ile. Wakikaa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mmoja atasema kwamba dadu ingerushwa pigo lingemkosa tu, mwingine atasema lingempata katikati ya kichwa. Walibishana hivyo mpaka mvi. Mimi niliwapimia mbege nikanyamaza. Sasa wote wamelala, mama alitangulia, na ninaweza kusema lile jambo ambalo nilikuwa nimefungua mdomo kulisema.

Aliye karibu kuliko wote hakuwa shujaa wa mume wangu. Alikuwa ng'ombe.

Nilimsogeza mwenyewe alipoogopa moshi, na nikampima kwa kidole changu. Kutoka kwenye gunzi la shemeji mpaka kwa mume wangu kulikuwa na kidole kimoja kizima. Mpaka kwa ng'ombe, nyuma ya kikombe cha mama, nusu kidole. Wifi hakumwona kwa sababu ya kikombe. Neno langu moja lingetosha, na shemeji angerusha dadu ile bila wasiwasi wowote, na ukurasa wenye utomvu ungebaki umeshikana, na jani lingebaki ndani ya kitabu cha nyimbo.

Mwaka jana wifi alikuja kunitazama. Yeye naye sasa anatembea na fimbo. Nikamweleza habari ya kikombe. Alilamba kidole, kama zamani alipokuwa anatafuta sheria.

"Kwa hiyo ile zamu haikuwa halali," alisema.

"Haikuwa."

"Kwa sheria, ng'ombe angekufa."

"Na mama angetufukuza sote kwenye mvua."

Akacheka, kisha akaniuliza, "Wifi, ulijuaje kwamba kaka analo lile jani?"

"Sikujua," nikamwambia. "Nilikuwa najua habari ya ng'ombe tu."

Akasema nimlete kopo la magunzi. Nikamletea. Tukayatoa moja moja tukayasimamisha mezani, na yule mfupi tukamweka karibu na kikombe.